Nilivyorudi kukaa peke yangu Kibosho baada ya kiharusi

Kiharusi kilinikuta mwaka 2022, kikauacha upande wangu wa kushoto mzito. Akili na maneno vilibaki, namshukuru Mungu, na mguu ulirudi kiasi cha kutembea kwa fimbo. Mkono ndio mkaidi mpaka leo: kukandamiza kitu kisisogee unaweza, kukamata hauwezi. Nilipotoka wodini wanangu walikwisha kukaa kikao bila mimi. Nyumba ya Kibosho ifungwe, mama ahamie kwa kijana wake Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, nina ng'ombe, nina majirani tuliozeeka pamoja. Nikawaambia sihami mpaka mnionyeshe kitu gani hasa kitakachonishinda hapa.

Aliyekuja kukitafuta hicho kitu ni binti mmoja wa tiba kwa vitendo. Fiziotherapia wengi tunaijua, ile ya kunyoosha viungo na kufundishwa kutembea. Hawa wengine hatuwajui sana, ingawa wanasomeshwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, tangu miaka ya 1980. Wao wanaangalia shughuli zako za kila siku, kuoga, kuvaa, kupika, kwenda choo, na namna ya kuzifanya kwa mwili ulio nao sasa. Baada ya shikamoo na chai akaniambia, "Mama, hebu rudi kitandani, kisha uamke kama ni asubuhi. Mimi nakufuata tu." Nikaenda, yeye nyuma na tepu yake ya kupimia, akiandika kila mahali niliposhika ukuta.

Ubishi ulianzia kwenye ngazi. Mlangoni kwangu zipo tatu za kushukia uani, na kijana wangu alishamwagiza fundi azivunje, amwage zege la mteremko. Binti akapima kimo chote, sentimita 45. Akasema mteremko salama unataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo wetu ungefika mita 5.4. Kwenye ua wangu mita hizo zinaishia katikati ya kahawa. Ukiufupisha unakuwa mkali, na masika yakianza ni utelezi mtupu.

Basi ngazi zibaki, zipate mabomba ya kushika. Fundi akataka kuweka moja, kulia, upande wa mkono wangu mzima.

"Na mama akishuka?" binti akamuuliza.

Fundi akageuka, akaziangalia ngazi, akacheka mwenyewe. Bomba lililo kulia ukipanda linakuwa kushoto ukishuka, na kushoto mimi sina mkono. Yakawekwa mawili, ya inchi 1, ambayo unene wake kwa nje unakaribia sentimita 3.5 na kiganja kinayazunguka vizuri. Miguu yake ilifukiwa ndani ya zege. Nikipanda natanguliza mguu mzima, nikishuka natanguliza ule dhaifu. Fimbo ninazo mbili, moja inakaa juu mlangoni na nyingine chini uani, kwa kuwa mkono mmoja hauwezi kushika bomba na fimbo kwa pamoja.

Choo kiko nje, cha kuchuchumaa. Kwenda chini si shida, shida ni kuinuka. Seremala alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kinakaa juu ya shimo. Kimo chake kilipimwa kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti langu, kikaongezwa kidogo, maana kiti kilichoinuka kidogo hakikuchoshi unaposimama. Kimefungwa sakafuni kisicheze, na bomba liko kulia. Bafuni kijana wangu alitaka kuweka marumaru zile zinazong'aa. Hapo sikumngoja mtaalamu aseme. Sabuni juu ya marumaru ingemwangusha hata mbuzi. Fundi alisakafia kwa saruji, na ikiwa bado mbichi akaipitishia ufagio iache mikwaruzo. Naoga nimekaa kwenye kiti cha plastiki, ndoo ikiwa juu ya kigoda, nachota kwa jagi. Chumbani kitanda kimeinuliwa kwa matofali, mazulia yote yametolewa, na taa ya sola iko karibu na mto.

Jikoni ndiko nilikokuwa na hofu zaidi. Mtori bila kumenya ndizi hakuna, na jaribu kumenya ndizi mbichi kwa mkono mmoja uone inavyokukimbia. Seremala alichukua kibao cha kukatia, akapigilia kwa chini misumari miwili isiyoshika kutu, ncha zikatokeza juu. Ndizi unaichoma pale, inatulia, unapitisha kisu. Kitunguu vivyo hivyo, nyama vivyo hivyo. Chini ya kibao natandika kitambaa kibichi kisiteleze, na nikimaliza nazifunika ncha kwa vizibo, maana wajukuu hawaachi kitu. Kibao hicho kimenifaa kuliko vifaa vingi nilivyoletewa kwenye maboksi.

Kuvaa ni suala la mpangilio: mkono dhaifu unaingia kwanza na kutoka mwisho. Kingine ilibidi niwaeleze majirani. Wakiniona nasuasua walikuwa wanakuja mbio kunivuta kwa mkono ule ule mbovu, kwa upendo kabisa. Misuli inayoshikilia bega la mkono uliopooza imelegea, ukiuvuta bega linaweza kuachia. Sasa wananishika kiunoni, au wanasimama karibu tu.

Ng'ombe yuko kwa jirani, tunagawana maziwa. Kukata majani na kuyabeba kumenishinda, hilo nimekubali. Iliyobaki ni njia ya kwenda barabarani, udongo mwekundu mtupu, na Aprili siipiti bila mtu pembeni. Juzi kijana wangu alipiga simu, anataka kunitumia kiti cha magurudumu kwa ajili ya hiyo njia. Nimemwambia atume kwanza lori la changarawe.