Reli ndogo chini ya ngazi
Wiki ya tatu hii napiga magoti chini ya ngazi na futi ya kupimia mkononi. Hapo ndipo nataka reli yangu ya mfano ikae. Upande mmoja nasimama wima, upande wa pili dari imeshuka hadi kiunoni, na katikati kuna mlango wa kabati ambao lazima ufunguke.

Mwanzo niling'ang'ania kipimo cha HO, yaani 1:87 (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko treni halisi), maana mabehewa yake nayapenda mno. Kona ndiyo iliyonishinda. Kona ya kawaida ya HO ina nusukipenyo cha kama sentimita 46, kwa hiyo ukigeuza treni umeshakula karibu mita nzima ya upana. Mimi nina sentimita 70. Nikakata kadibodi ya kona hiyo, nikailaza sakafuni, ikagonga ukuta. Basi nimehamia kipimo kidogo zaidi, N, yaani 1:160, ambacho reli zake zimeachana milimita 9 tu. Kona ya sentimita 25 inakaa bila kubanwa.

Ile sehemu ya dari ya chini, niliyokuwa naiona hasara, sasa itakuwa handaki! Ila nimeacha tundu la kupitisha mkono, maana behewa likiacha njia humo ndani sitalifikia. Penye mlango nitafunga ubao wa bawaba, unyanyuke.

Jana usiku nilichora njia kwa chaki, nikasukuma behewa moja kwa kidole kutoka stesheni hadi handakini. Likapita.