Mzee asiyeweza tena kusema panapouma

Ugonjwa wa kusahau, ambao hospitalini huitwa demensia, unaua. Tuanzie hapo, maana familia nyingi huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huambiwa "huo ni uzee tu". Basi wanaendelea kungoja nafuu isiyokuja, na kila homa ikipanda wanakodi gari usiku. Hatua ya mwisho ina dalili zake: maneno yamebaki matano au sita, au yameisha kabisa, hawezi kutembea, na kukaa ni mpaka aegemezwe, watoto wake hawatambui, haja zote anamalizia kitandani. Marekani kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliofuatilia wakazi 323 wa nyumba za wazee waliofika hatua hiyo. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa mwaka 1 na miezi 4 hivi, na watu 86 katika kila 100 walipata shida ya kula. Hao walikuwa na wauguzi saa 24.

Kwa hiyo mzee wa namna hii anastahili tiba shufaa, yaani matunzo ya kupunguza maumivu na mateso pale ugonjwa usipopona, kama anavyostahili mgonjwa wa saratani. Ukienda hospitali, taja jina hilo, "tiba shufaa". Usipoomba, utaandikiwa vitamini na kurudishwa nyumbani.

Kazi kubwa ni maumivu, kwa sababu hayasemwi. Mzee aliyekuwa mpole anaanza kupiga kelele akigeuzwa, anasukuma mkono wa mkwewe, anakunja uso, halali. Majirani wana maelezo yao, na mengine ni ya hatari kwa bibi kizee. Yaacheni hukohuko uani. Anzeni na mwili. Kuna kipimo kinachoitwa PAINAD, cha mwaka 2003, ambacho hakihitaji mgonjwa aseme neno. Unamtazama kwa dakika 5, akiwa ametulia na pia wakati wa kuogeshwa au kugeuzwa, na unatoa alama 0, 1 au 2 kwa kila kimoja kati ya vitu vitano: kupumua, sauti, uso, mkao wa mwili, na kama anabembelezeka. Jumla ikiwa 1 hadi 3 maumivu ni madogo, 4 hadi 6 ni ya kati, 7 kwenda juu ni makali. Andikeni kwenye daftari la shule pamoja na saa. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya "anasumbua sana usiku".

Kabla ya dawa, mpitie kichwa hadi mguu. Kinywani: jino bovu, au utando mweupe wa fangasi. Tumboni: amepata choo lini? Siku 3 zikipita bila choo, hiyo peke yake inatosha kumfanya apige kelele. Na choo cha maji kinachovuja kidogo kidogo kwa mzee aliyefunga choo si kuhara. Ni maji yanayopita pembeni ya kinyesi kigumu, na ukimpa dawa ya kuzuia kuhara unamwongezea tatizo. Chini ya kitovu: pakiwa pagumu na mkojo hautoki, kibofu kimejaa, na hapo mwiteni mhudumu siku hiyohiyo. Halafu ngozi, viungo vilivyokakamaa, na baridi.

Ukishapita huko, paracetamol ndiyo ya kwanza, kwa saa zake, bila kungoja apige kelele. Mzee mwenye kilo chini ya 50, na huku wengi wamefika hapo, hupewa kidonge 1 cha miligramu 500 mara 4 kwa siku. Mwenye kilo zaidi na ini zima hupewa vidonge 2 mara 3, na gramu 3 kwa siku zisizidi. Vidonge hivyo vya kawaida husagwa na kuchanganywa na vijiko 2 vya uji. Msivichanganye kwenye bakuli zima, asipomaliza hamtajua ameingiza kiasi gani. Norway walijaribu jambo hili kwa wazee 352 wenye demensia waliokuwa wakisumbuka, wakachapisha matokeo mwaka 2011: waliotibiwa maumivu hatua kwa hatua, wengi wao kwa paracetamol tu, walipungua usumbufu kwa asilimia 17 baada ya wiki 8. Dawa ya bei ya chini kabisa dukani.

Kinachonunuliwa badala yake ni diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, ambayo kwa mzee asiyekunywa maji ya kutosha huumiza figo na tumbo, au diazepamu "ili alale". Atalala, ndiyo, kisha atapaliwa na uji kwa sababu koo nalo limelala. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili inayotumika kutuliza, ina kazi yake, lakini dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa watu wenye demensia. Iwe kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, na baada ya maumivu kutibiwa.

Paracetamol ikishindwa, ni morfini ya maji, dawa kali ya maumivu inayotolewa hospitalini. Mzee dhaifu huanzishwa na miligramu 2.5 kila baada ya saa 4, lakini mililita zake zinategemea chupa imetengenezwa kwa nguvu gani, kwa hiyo soma lebo na umwambie mfamasia akuoneshe mstari kwenye bomba lenyewe. Pimeni kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Kijiko cha jikoni hakipimi morfini. Mdondoshee ndani ya shavu taratibu akiwa ameinuliwa. Na morfini haitoki dirishani bila dawa ya choo, kwa kawaida bisakodili. Hapa ndipo mambo huharibika: familia inaona mzee ametulia, siku ya 5 anaanza kelele upya, wanasema dawa imeshindwa, kumbe tumbo limefunga. Wengine watawapa ushauri wa kijiko cha mafuta ya kupikia asubuhi. Kwa anayepaliwa msithubutu, mafuta yakiingia mapafuni hayatoki.

Lugha nayo. Kiswahili alichojifunzia shuleni au kazini mara nyingi huondoka kabla ya lugha ya mama. Muuguzi akisema "bibi, shikamoo, unaumwa wapi?" anapata kimya, lakini "kamwene" ya taratibu, kwa bibi wa Kihehe au Kibena, inaweza kumfanya ageuze macho. Mjukuu anayekijua Kinyakyusa au Kikinga awepo wakati wa kuogesha, amweleze kila kinachofuata kabla ya kumgusa.

Sasa chakula, ambacho ndicho kinachogombanisha ndugu. Mkalishe wima kabisa, mito nyuma na pembeni, kidevu kikiinama kidogo. Kichwa kikilala nyuma njia ya hewa inafunguka, na uji unaingia huko. Wewe kaa usawa wa macho yake, usisimame juu yake. Tumia kijiko cha chai, nusu tu. Gusa mdomo wa chini, ngoja ufunguke wenyewe. Halafu tazama koo: kile kifundo lazima kipande na kushuka ndipo uandae kijiko kingine. Wengine humeza mara mbili kwa kijiko kimoja. Kila baada ya vijiko vitano hivi angalia mashavuni, chakula hupenda kujificha huko. Mlo huchukua dakika 30 hadi 40, na akishaanza kuchoka, acha. Milo midogo 5 au 6 inashinda miwili mikubwa. Baada ya kula abaki ameinuka dakika 30.

Maji na chai ndivyo vinavyopalia haraka kuliko uji, kwa kuwa vinakimbia kabla koo halijajiandaa. Uji wa ulezi mzito kidogo, unaodondoka kwenye kijiko badala ya kumiminika, ni salama zaidi. Parachichi lililoiva, ambalo Rungwe na Njombe halikosekani, lipondwe na maziwa: nguvu nyingi kwa vijiko vichache. Viazi mviringo vipondwe na siagi au karanga iliyosagwa laini. Makande hapana, maganda hubaki kooni. Na mchuzi wenye vipande vya nyama ni mtego, kwa sababu majimaji hutangulia wakati yeye bado anatafuna.

Kuna siku atafumba mdomo. Hapo mtu atasema awekewe mpira puani. Tafiti hazijaonyesha kwamba mpira wa kulishia humwongezea siku mgonjwa wa hatua hii, wala hauzuii nimonia ya kupaliwa, kwani mate na chakula kutoka tumboni hupanda vilevile. Mzee huuvuta, mikono inafungwa, mgongo unaota vidonda. Vijiko vitatu vya uji kutoka kwa mtu anayempenda ni bora. Zungumzeni hili kikaoni mapema, watoto wa Dar wakiwa kwenye simu, si usiku wa manane kukiwa na mgonjwa anayehema.

Vidonda vya mgongoni huzuiwa kwa kugeuza kila saa 2, na ubavu uinamishwe nusu tu, mto ukiwa nyuma ya mgongo, asilalie mfupa wa nyonga. Mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani. Watu wawili wamwinue kwa shuka lililokunjwa chini yake. Ukimburuta, ngozi inachanika. Msimwekee kitenge kilichoviringishwa kama kata ya kubebea mzigo chini ya makalio. Inaonekana inasaidia, lakini inabana damu ya eneo lote lililo katikati. Palipokuwa pekundu msipasugue. Kidonda kikianza kunuka, kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kisha muulizeni muuguzi kuhusu unga wa metronidazoli wa kunyunyiza juu. Harufu hupungua ndani ya siku chache, na wageni huanza kumkaribia tena.

Juni hadi Agosti, Makete, Njombe na hata Uyole, baridi inaingia mifupani na yeye hawezi kusema. Gusa tumbo na mgongo, mikono peke yake inadanganya. Soksi, kofia, blanketi mbili nyepesi. Jiko la mkaa lisilale chumbani kwake hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa yake inaua bila harufu. Chupa ya maji ya moto iviringishwe taulo na iwe mbali na ngozi, maana yeye hatauvuta mguu ikimuunguza. Kwa wanaokaa vijijini ambako barabara hukatika mvua za Novemba hadi Aprili zikikolea, dawa za mwezi mzima ziwepo ndani kabla. Na kitambulisho cha matibabu cha wazee wa miaka 60 na zaidi kianzeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wakati mzee bado anaweza kupigwa picha.

Siku za mwisho hali hubadilika haraka. Anapumua, ananyamaza sekunde kadhaa, anapumua tena. Koo linakoroma. Mlaze ubavu, mkoromo huo huwasumbua zaidi mnaosikiliza. Dripu haisaidii hapa: mwili haupokei tena, maji huishia miguuni na mapafuni. Lowesha kinywa kwa kitambaa safi chenye maji kila saa 2, paka midomo mafuta ya mgando. Hamhitaji kumkimbiza popote. Morfini isikatwe kwa sababu amelala. Kama hawezi kumeza, piga simu kwa muuguzi wa tiba shufaa aelekeze namna ya kuitoa.

Morfini itakayobaki baada ya msiba irudishwe famasi ya hospitali iliyoitoa, na chupa yake. Isigawiwe jirani mwenye mgongo.