Nilivyopima nafasi tupu za atomi kwa sumaku ya spika

Maabara ninayofanyia utafiti wangu wa uzamili hapa Nairobi haina mashine ya kupima usumaku. Nilikuwa na mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01, tanuri dogo la umeme, na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu niliyonunua Luthuli Avenue. Kwa hivyo vitatu nilitaka kuona jinsi nafasi zilizoachwa wazi na atomi zinavyobadilisha usumaku wa oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni.

Nilianza na magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa sana na sumaku. Niliyeyusha kloridi mbili za chuma kwa uwiano wa 2:1, nikamimina amonia, na papo hapo maji yakawa meusi tititi. Poda ilipokauka ilirukia sumaku ikasimama wima kama miiba ya nungunungu.

Mara ya kwanza niliichoma kwa nyuzi 600. Ikatoka nyekundu kama udongo wa Kiambu, na sumaku ikashindwa kuivuta. Mzee anayetunza maabara akaitazama. "Kijana, si hii ni kutu tu?" Kweli, ilikuwa hematiti, oksidi nyekundu ya chuma; joto lilikuwa limevunja mpangilio wote wa fuwele. Mimi nilitaka mpangilio ubaki, atomi chache tu ndizo zitoke. Nikarudia kwa nyuzi 220, saa mbili, mlango wa tanuri ukiwa wazi kidogo ili hewa iingie. Safari hii poda ikawa ya kahawia, na bado ilishika sumaku. Hiyo ni maghemaiti, oksidi ya chuma yenye mpangilio uleule wa magnetaiti lakini nafasi chache zikiwa tupu.

Kupima kulikuwa hivi: sumaku juu ya kibao cha mbao, kibao juu ya mizani, mizani ikarudishwa sifuri. Kisha nikaning'iniza kichupa cha poda juu yake, kimo kilekile kila mara. Poda ikiivuta sumaku, uzito unapungua. Nyeusi ilipunguza gramu 0.62. Kahawia, kwa kiasi kilekile cha poda, 0.52. Nyekundu, sifuri.

Ndani ya magnetaiti atomi za chuma zimegawanyika makundi mawili yanayovutana kamba. Kundi moja lina nguvu ya sumaku 5, la pili lina 5 na 4, yaani 9. Tofauti, magnetoni 4 za Bohr (kipimo cha usumaku wa atomi), ndiyo usumaku tunaouona. Oksijeni ikiingia, ile ayoni (atomi yenye chaji) ya 4 inapoteza elektroni na kuwa ya 5, na ili chaji isawazike, chuma kingine lazima kihame. Nafasi moja kati ya sita katika kundi kubwa inabaki tupu. Nguvu yake inashuka kutoka 9 hadi 8.33, na tofauti inakuwa 3.33.

Poda yote niliishika kwa kijiko cha plastiki, na hilo nalisisitiza. Mwaka 2004 watafiti wa Dublin walitangaza usumaku katika oksidi ya metali ya hafni, ambayo haikutarajiwa kuwa nao. Mwaka uliofuata wengine walionyesha kwamba kibano cha chuma cha pua kinaweza kuacha dalili kama hiyo.

Gawanya 3.33 kwa 4, upate 0.83. Zangu, 0.52 kwa 0.62, zilitoa 0.84. Niliketi nikaitazama namba ile kwa muda mrefu. Mzee akataka kuning'iniza kichupa cha kahawia mwenyewe. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Akasoma kwa sauti: "Sufuri nukta tano mbili."