Kutwa Moja na Kisu Kiunoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla sijakichomeka kisu kiunoni, nilikipima kwa karatasi. Nilishika ukurasa wa daftari kwa vidole viwili, nikaanza kukata kwa sehemu ya makali iliyo karibu na mpini, kisha nikavuta taratibu hadi nchani. Karatasi ilikatika bila kelele mpaka sentimita moja hivi ya mwisho, ambako ilinaswa na kuchanika kidogo. Nililiandika hilo, kwa kuwa jioni ningerudia jaribio lile lile, na bila kumbukumbu ya asubuhi ningebaki kubahatisha.

Kazi yangu ni kutunza kambi ya mafunzo ya porini, na kwa miaka kadhaa nimetumia kisu chembamba cha unene wa milimita 2.5 ambacho sijawahi kukiwazia sana. Hiki cha jana nilikabidhiwa na mwenzangu anayefikiria kuwanunulia wakufunzi wote wa kambi visu vya aina hiyo. Hakuhitaji picha wala sifa. Alitaka nikae nacho kutwa nzima ya kazi ya kawaida, kisha nimweleze ukweli. Ni kisu kisichokunjwa, bapa lake lina urefu wa sentimita 11 na unene wa milimita 4 mgongoni, nalo limepita ndani ya mpini mpaka mwisho na kubanwa kwa ribiti mbili. Chuma chake ni feleji ya kaboni inayoitwa 1095, yaani yenye kaboni ya takriban asilimia 0.95. Chuma huanza kuhesabiwa kuwa hakishiki kutu kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na hiki hakina, kwa hiyo kinafutwa kila kinapolowa.

Saa moja nilikuwa kwenye mahema, nikikata kamba za nailoni zilizochakaa na kufunga mpya. Hapo sina la kusimulia, kwani kamba iliyokazwa haikishindi kisu chochote chenye makali.

Saa mbili na nusu yalifika maboksi ya vifaa, nikayafungua na kuyakatakata yote ili yalale bapa. Watu wengi hukwepa kukijaribu kisu kwa maboksi kwa sababu kazi hiyo haina fahari, lakini mimi ningemshauri yeyote aanzie hapo. Karatasi ngumu ya boksi ina chembechembe za madini na vumbi zinazoyala makali kama msasa laini. Hata mashine ya kupimia ukali iliyobuniwa na taasisi ya CATRA ya Sheffield, Uingereza, hukipitisha kisu tena na tena juu ya karatasi nene iliyochanganywa na silika, kisha hupima kila mpito umekata kina gani. Mimi sina mashine, ila nina mkono, na kufikia boksi la tisa au la kumi mkono ulianza kusukuma badala ya kuvuta. Makali yalikuwa bado yapo. Kilichozuia ni unene wa bapa. Mpasuko ukiwa mrefu, mashavu ya bapa hubanwa na karatasi pande zote mbili, na kisu changu cha zamani kingeteleza pale ambapo hiki kilikuwa kikikwama.

Unene huo huo ulilipa deni lake saa nne, wakati wa kuchanja kuni. Nilichagua magogo makavu yasiyozidi unene wa kifundo cha mkono wangu, nikayasimamisha juu ya kisiki, nikaweka makali juu ya gogo na kugonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti. Kisu kinene hufanya kazi ya kabari: kikishaingia sentimita mbili, gogo hujipasua lenyewe, na pigo linalofuata huwa la kumalizia tu. Magogo manne yalipasuka hivyo, nami nikaanza kujiona fundi. Katika la tano nililiona jicho la mti pembeni, nikajidanganya kwamba nyuzi zitalizunguka, nikagonga. Mlio ulikuwa tofauti, mkavu na mfupi. Nilipolitoa bapa na kulielekeza kwenye jua, niliona nukta moja inayong'aa katikati ya makali, kwa maana makali mazima hayarudishi mwanga, bali palipovunjika au kulala ndipo panapometa. Nikapitisha ukucha wa kidole gumba ubavuni, nao ukanasa kwenye pengo dogo lisilofika nusu milimita.

Kosa lilikuwa langu, wala sitalisukumia chuma. Hata hivyo linaeleza tabia yake. Waliokitengeneza wametaja ugumu wa 58 katika kipimo cha Rockwell, na kila chuma kinapoongezewa ugumu hukaa na makali muda mrefu zaidi lakini hupunguza uvumilivu wa kishindo. Chuma laini kingekunja makali, na mkunjo hunyoshwa kwa dakika chache. Pengo halinyoshwi, linasubiri mpaka chuma chote kinacholizunguka kiliwe na kinoo.

Kabla ya mchana nilichonga maranda ya kuwashia moto, yale marefu yanayojiviringa bila kuachana na kijiti. Yalitoka mazuri, ingawa kila nilipofika kwenye pengo liliacha mstari mwembamba juu ya mti, kama jino lililovunjika kwenye chanuo. Kisha nikageuza mgongo wa kisu kukwaruza kijiti cha ferosiriamu, ile aloi ya cheche iliyobuniwa na Carl Auer von Welsbach mwaka 1903. Hakuna cheche. Kona za mgongo zilikuwa zimelainishwa, bila shaka kwa nia njema ya kulinda kidole gumba, nacho kijiti hakitaki huruma hiyo: kinataka kona kali ya nyuzi 90 itakayokibandua vipande vidogo ili vishike moto hewani. Dakika mbili za tupa zingeondoa kasoro hiyo, ila sikupenda kubadilisha kisu kabla siku haijaisha. Moto niliuwasha kwa kiberiti.

Saa saba jikoni, unene ukageuka adui tena. Kitunguu kilikatika vizuri, lakini karoti ilipasuka kwa mlio kabla makali hayajafika upande wa pili, na vipande vikaruka mezani. Nilipokata limau, madoa ya kijivu cha buluu yalijitokeza kwenye bapa ndani ya dakika chache. Madoa hayo hayanisumbui, kwa sababu ni utando wa kemia unaokisaidia chuma cha kaboni kujilinda kidogo. Cha kuogopwa ni kutu nyekundu, ambayo huchimba.

Saa nane nilitumwa mjini, na kisu kikabaki kambini ndani ya sanduku lililofungwa. Sheria za kubeba visu hadharani hutofautiana sana. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na kitasa cha kulikaza bapa likiwa wazi, chenye makali yasiyozidi inchi 3, kinaruhusiwa, lakini kisichokunjwa kinadai sababu ya msingi hata kikiwa kidogo. Kwenda sokoni ukiwa nacho kiunoni kwa kusahau si sababu.

Niliporudi saa tisa nilikaa kuchonga vigingi vya mahema, na hapo ndipo mpini ulipojieleza. Kwa dakika kumi za kwanza ungeusifu, maana unajaa mkononi na una kinga ndogo inayozuia kidole kuteleza hadi kwenye makali. Kufikia kigingi cha sita, ukingo wa chuma unaochungulia kati ya vibao viwili vya mpini ulikuwa umeanza kuchoma sehemu ile iliyo chini ya kidole cha shahada, na kilipokamilika kigingi cha kumi nilikuwa na lengelenge. Dukani mpini hushikwa kwa nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo kila mpini ni mzuri.

Lakini jambo litakalonifanya nimkatalie mwenzangu lilitokea saa kumi na robo, nikisafisha njia ya kwenda mtoni. Niliinama kuokota tawi, nikasikia kitu kikianguka nyuma ya kisigino changu. Ni kisu, kimelala juu ya majani, makali yakitazama juu. Ala yake ni ya ngozi na hukishika kwa kukibana mpini tu, bila kifungo, nayo ngozi ilikuwa imelegea kwa jasho na kwa kuchomoa na kurudisha mara nyingi tangu asubuhi. Nilijaribu tena makusudi mahali palipo wazi: nikainama mara tano, kikatoka mara mbili. Pengo ni langu na mgongo hutengenezeka kwa tupa, lakini siwezi kumvalisha mkufunzi aliyezungukwa na wanafunzi ala inayotema kisu.

Saa kumi na moja na nusu nilikiosha, nikakikausha, nikakipitisha tena kwenye karatasi. Sehemu ya karibu na mpini ilikata kama asubuhi, katikati ilinasa penye pengo, na ncha, nilikotegemea kukuta hali mbaya zaidi, haikuwa imebadilika. Nikalowesha kinoo cha namba 1000 na kuanza kunoa, nikifuata pembe ile ile ya kiwandani, upande mmoja mpaka nihisi kwa kidole ule ukingo mwembamba wa chuma ukijikunja upande wa pili, kisha nikageuza. Baada ya dakika ishirini nikamalizia kwa ukanda wa ngozi, nikapaka mafuta kiasi cha tone, nikakilaza kisu rafuni nje ya ala yake, maana ngozi hutunza unyevu usiku kucha. Pengo lilikuwa limepungua kwa zaidi ya nusu. Kilichobaki nimekiacha kitoke chenyewe nitakapokinoa mara mbili tatu zijazo, na kwenye daftari, mbele ya neno ala, nimeandika kwamba kisu hakirudi kiunoni kwangu mpaka iwekewe kifungo.