Sufuria ya maji ya kunikanda

Mwezi wa pili ukiingia hapa Aurora, kando ya Denver, Marekani, koyote, wale wanyama wa porini wa jamii ya mbwa, huanza kulia karibu kila usiku. Ndio msimu wao wa kutafutana, kuanzia Januari hadi Machi, na wawili tu wakipaza sauti utaapa ni kundi zima. Juzi walianzia nyuma ya mfereji wakati tunaongea na Mama kwa simu ya video. Mbwa wetu, Pamba, alikuwa amelala mapajani kwa mwanangu Nasri, na Mama alikuwa ametoka kumwambia mjukuu wake amsogeze "yule" mbali na mswala wangu. Nasri akamuuliza, kwa Kiswahili chake kile cha kutafuta neno moja moja: "Bibi, kwa nini hupendi mbwa?"

Mama akacheka, akasema mkate unaungua jikoni, akaaga.

Nasri hajui. Alfajiri ile alikuwa kifuani kwangu, arobaini hajatimiza.

Mama alikuja kunilea nilipojifungua. Alitua Denver katikati ya baridi, na alipomwona Pamba sebuleni alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Pamba ni wa Salma, binti yangu mkubwa. Ni kambwa kadogo keupe, kilo tano hakafiki. Kwetu Muheza mbwa hukaa nje, hulinda, halali kwenye kochi. Halafu Mama ni mtu wa madhehebu ya Shafi: mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Basi tukapanga maisha. Chumba chake hakiingiwi, mswala wake unakunjwa juu ya kabati, na Salma akafundishwa kumshika Pamba kila Bibi anapopita ukumbini. Hawakugombana. Kila mmoja alishika njia yake.

Nyumba yetu imepakana na njia ya High Line Canal, ule mfereji wa zamani wa kumwagilia mashamba uliokamilika mwaka 1883, unaozunguka viunga vya Denver kwa maili 71. Siku hizi watu hutembea na kuendesha baiskeli kando yake chini ya miti mikubwa. Sungura wamejaa, panya wamejaa, na koyote huufuata mfereji usiku kucha wakitoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Tulikuwa tunawaona kwa mbali wanapita zao. Mume wangu alishazungusha ua wa mbao wa futi tano, na majirani wote walikuwa na wa kimo hicho hicho.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Theluji ya tangu wiki iliyopita ilikuwa imeganda ikawa ngumu juu. Mume wangu yuko kazini, zamu ya usiku. Mama ameshatia udhu, na kama kawaida yake, kabla ya kuswali aliteleka kwanza maji ya kunikanda kwenye sufuria kubwa ya alumini tuliyoinunua duka la Wahabeshi. Mimi nimekaa kiti cha karibu na mlango wa kioo wa nyuma, Nasri ananyonya. Nimemfungulia Pamba atoke kama kila alfajiri, taa ya uani inawaka, namwona ananusa chini ya mbao.

Juu ya ua nikaona miguu miwili.

Nilidhani ni paka. Halafu kikaja kichwa, masikio yamesimama. Hakuruka moja kwa moja kama ninavyosikia watu wakisimulia. Alishika ncha za mbao kwa miguu ya mbele, akajivuta, miguu ya nyuma ikakwaruza mbao kwa nje, nikaisikia kupitia kioo, akawa yumo ndani. Kijivu mgongoni, wekundu kidogo masikioni, kifua cheupe. Manyoya ya baridi humfanya koyote aonekane mkubwa kuliko alivyo. Wa huku wengi hawazidi kilo kumi na tano au kumi na sita. Lakini mbele yake kulikuwa na kitu cha kilo tano.

Pamba hakubweka. Alijikunja tu, na koyote akamshika kati ya shingo na bega. Hapo ndipo sauti ilipotoka, sauti nyembamba, kali, isiyopumua. Nasri aliachia ziwa akaanza kulia naye. Nikainuka, mkono mmoja nimembana mtoto, mwingine napiga kioo kwa kiganja. Koyote hakugeuza hata sikio.

Nyuma yangu nikasikia maji yanamwagwa kwenye sinki, yote kwa mkupuo. Mama akanipita. Ushungi wa swala kichwani, kanga mbili, ndara miguuni, sufuria tupu mkono wa kushoto na mwiko mkono wa kulia. Akausukuma mlango kwa kiwiko. Baridi ikaingia, na yeye akatoka.

Nimesema sufuria tupu, lakini ilikuwa bado inafuka. Hilo ndilo ninaloliona kila nikikumbuka: mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, chini ya taa ya uani, na mvuke unatoka ndani ya sufuria kila anapoipiga. Alipiga pigo la kwanza, koyote akainua kichwa, Pamba angali mdomoni. Akapiga la pili na kupaza sauti. "Hoooo! Hoooo! Toka! Toka wewe!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mdogo, kwenye shamba la babu. Mama alikulia juu ya dungu. Mchana alilinda mahindi na nyani na ngedere, usiku akalinda mihogo na nguruwe pamoja na kaka zake, debe mkononi. Mtoto wa dungu hufundishwa mapema: usimkimbilie mnyama kwa pupa, usimpe mgongo, usonge hatua kwa hatua huku unapiga, na usinyamaze mpaka aondoke kabisa, kwa sababu mnyama aliyekwisha kujua kwamba utachoka atakaa pembeni akusubiri.

Ndivyo alivyofanya. Hakukimbia. Alisonga. Ndara moja ilizama kwenye theluji ikabaki, akaendelea na mguu mtupu. Koyote akamwachia Pamba, akarudi nyuma hadi kwenye mbao, akasimama, akatazama. Nikaona kivuli kingine kinapita huku na huku upande wa pili, kwenye nafasi za mbao: mwenzake. Mama naye aliona, kwa sababu alipiga sufuria akiwa ameigeuzia kule, mara kadhaa, kisha akamrudia huyu wa ndani. Alikuwa amemsogelea kiasi kwamba angeweza kumtupia mwiko. Koyote akageuka, akashika ncha za mbao palepale alipoingilia, akatoweka. Mama akaendelea kupiga mpaka taa za nyumba tatu za jirani zikawaka.

Pamba alisimama, akayumba. Mimi niko mlangoni namwita jina lake. Hakuja kwangu. Alijikokota hadi miguuni kwa Mama, kwenye ule mguu ulio wazi, akalala juu yake.

Mama alimtazama kidogo. Akaweka sufuria chini, akavua kanga ya juu, akaitandika kwenye theluji, akamviringisha, akamnyanyua. Damu na mate vikamlowesha mikono hadi viwiko. Alipofika mlangoni alisema tu, "Funga, mtoto ataingiwa na baridi."

Salma alikuwa ameshuka ngazi, uso mweupe. Mama akamlaza Pamba sakafuni, akauchukua mkono wa mjukuu wake akauweka juu ya kitambaa. "Bana hapa. Usiachie hata akilia." Kisha akasimama katikati ya jiko, mikono ameitenga na mwili, anatafuta kitu kwa macho. Nikaelewa. Udongo. Nje ulikuwa umeganda chini ya theluji, hata sururu isingeupata. Dirishani palikuwa na kopo la mrehani alioupanda mwenyewe tangu wiki yake ya kwanza. Akaniambia nimchotee kwa kijiko. Nilichota huku nimembeba Nasri, nikamwekea kiganjani, akaenda bafuni. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akiosha: maji ya udongo wa kahawia kwenye sinki jeupe, halafu maji matupu, tena na tena, taratibu, hakuruka hata moja. Akabadili nguo, akatia udhu upya, akaswali kabla jua halijatoka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mume wangu alirudi, wakamkimbiza Pamba kwa daktari wa mifugo. Matundu ya meno yalikuwa madogo kwa nje, lakini ndani nyama ilikuwa imechanika, kwa sababu koyote anapouma hutikisa. Akashonwa, akawekewa mrija wa kutoa maji machafu, akaongezewa chanjo ya kichaa cha mbwa hapohapo ingawa ya awali ilikuwa haijaisha muda, na tukaambiwa tumwangalie nyumbani kwa siku 45. Salma alilala sakafuni kando yake usiku mwingi.

Afisa wa wanyamapori aliyekuja alitupa karatasi ya maelekezo. Usikimbie. Jifanye mkubwa. Piga kelele, gonga sufuria, endelea mpaka aondoke. Salma alimtafsiria Bibi yake mstari kwa mstari, na Mama akawa anaitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akisoma vizuri. Alichouliza yeye ni kimoja: "Nani anawalisha?" Nguruwe harudi shambani bure, alisema, kuna kitu amekionja. Alasiri hiyo alivaa buti za mkwe wake akazunguka ua kwa nje na Salma. Kwa jirani wa kushoto walikuta kibanda cha kulishia ndege kimening'inizwa mtini, nafaka zimetapakaa chini, na nyayo za panya na sungura zimejaa kwenye theluji. Panya hufuata nafaka, koyote hufuata panya. Jirani, bibi mmoja mpole, alikishusha siku ileile, na msimu wa tufaha ulipofika akawa anaokota yaliyoanguka kila jioni, maana koyote hula na matunda.

Mume wangu akapandisha ua ukafika futi sita, akapitisha waya ndani ya bomba za plastiki juu yake pande zote. Mnyama akishika hapo kwa miguu ya mbele, bomba linazunguka naye anaangukia alikotoka. Chini akafukia wavu, wasichimbe. Tangu hapo Pamba hatoki gizani bila mtu na kamba fupi mkononi, hata humu humu uani. Masika yakija huwa hatupiti kabisa njia ya mfereji naye, kwa sababu Aprili na Mei ndiyo miezi ya watoto, na koyote wenye watoto humsindikiza mbwa yeyote kwa ukali mpaka atoke eneo lao.

Lakini kuna jambo nyumbani kwetu halijaisha. Mume wangu alitaka wale wawili wategwe, na mpaka leo akiwasikia usiku uso wake hubadilika. Simlaumu, ndiye aliyempakata Pamba garini. Afisa alieleza kwamba wakiondolewa wenye eneo, wengine huingia kulishika, na Mama aliposikia akasema ndivyo ilivyokuwa kwao: wawindaji walimaliza nguruwe, mvua iliyofuata wakaja wapya, na watoto wakarudi juu ya dungu. Mume wangu alimsikiliza mkwewe kwa heshima zote. Hakukubali.

Na mimi nina langu. Mama hakubadilika na Pamba. Mchana uleule alimwambia Salma amsogeze, mswala ukarudi juu ya kabati, jina likabaki "yule." Salma anaamini Bibi yake alimpenda Pamba tangu mwanzo. Mimi natamani iwe hivyo, ila sina ushahidi zaidi ya kanga moja iliyotandikwa kwenye theluji. Usiku wa mwisho kabla hajasafiri, tukiwa tunafunga sanduku, nilimuuliza ni nini kilimtoa nje na ndara, ameshatia udhu, kwa ajili ya mbwa. Alikuwa anakunja ile ile kanga, damu haikutoka yote.

"Nilisikia mnyama analia, na wewe una mtoto mkononi," alisema. "Sasa ungetaka nani atoke?"

Nikamwambia aiache kanga, nitamnunulia nyingine. Alikataa, akaitia sandukuni chini kabisa, akaendelea na hesabu ya uzito wa mizigo.