Diski Iliyohama Herufi

Ilikuwa mwisho wa mwezi, Ngamiani, Tanga, dukani kwa mama mmoja muuza vifaa vya ujenzi. Programu yake ya hesabu ilikataa kufunguka ikidai haioni data kwenye E:, herufi ambayo Windows ilikuwa imeipa diski yake. Madeni ya mafundi na bei za saruji na mabati, vyote vilikuwa kwenye diski ya nje.

"Mwanangu, hesabu zangu ndiyo zimekwenda?"

"Hazijaenda popote, mama. Zipo F," nikamjibu baada ya kuitazama kompyuta.

Kijana mmoja alishamshauri aipakie programu upya. Ushauri wa hatari huo: programu ingeweza kuanza na daftari tupu, wauzaji wakaandika humo, na mauzo yakagawanyika sehemu mbili.

Kisa kilikuwa flashi ya taarab. Jana yake diski ilichomolewa, flashi ikachomekwa. C ni ya mfumo, D ilikuwa ya CD, kwa hiyo Windows ikaipa flashi herufi iliyofuata, E. Diski iliporudi ikakuta nafasi imekaliwa, ikapewa F, na Windows ikaliweka hilo kwenye rejista yake, yaani hifadhi yake ya mipangilio. Ndiyo maana kuchomoa flashi peke yake hakukusaidia kitu.

Kwanza nilinakili folda nzima ya data kwenye C, kisha nikafunga programu na madirisha yote ya diski. Faili likiwa wazi, Windows huonya kwamba diski inatumika, na herufi ya zamani huweza kubaki hadi kompyuta iwashwe upya. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika diskmgmt.msc, amri ya kufungua dirisha la kusimamia diski. Akaunti lazima iwe ya msimamizi. Diski niliitambua kwa ukubwa na jina lake, si kwa herufi. Nikaibofya kulia, nikachagua "Change Drive Letter and Paths", kisha "Change". Humo kwenye menyu, "Format" iko karibu mno na chaguo hilo. Hapo mkono usiharakishe, maana kubadili herufi hakufuti kitu, ila kufomati kunafuta.

Ningeweza kuirudishia E, lakini flashi nyingine ingeinyang'anya tena. Nilichagua R, mbali na foleni ya flashi. Likatokea onyo kwamba programu zinazotegemea herufi ya zamani huenda zisifanye kazi, nikakubali. Onyo ni la kweli: programu ilikuwa na faili dogo la mipangilio, nikalifungua kwa Notepad na kugeuza E:\ kuwa R:\. Njia za mkato kwenye skrini nazo zilihitaji kuelekezwa upya. Programu ikafunguka, na deni la mwisho lililoandikwa lilikuwepo.

Mama akauliza kuhusu kompyuta ya nyumbani kwake Chumbageni. Rejista ni ya kila kompyuta, diski haibebi herufi yake. Kule nako ilibidi tuipe R na kurekebisha faili lile lile.