Foronya ya Binti Yangu

Jioni hii nimemaliza kutarizi jina la binti yangu kwenye foronya, kwa mashine ambayo bado ninajifunza kuitumia.

Jana niliharibu foronya nzima: upande wa nyuma uliteleza chini ya sindano bila mimi kuona, pande mbili zikashonwa pamoja, na mto haukuweza kuingia tena. Iliniuma sana.

Leo niliifua foronya nyingine kwanza ili pamba isije ikanywea baadaye, nikaibana kwenye fremu pamoja na kitambaa kigumu cha kuishikilia kwa chini, kisha nikaukunja upande wa nyuma na kuubana kwa pini mbali kabisa na sindano.

Herufi ya mwisho ilipokamilika, nilipitisha kidole juu ya nyuzi zake, zikiwa zimeinuka kidogo na bado zina joto.

Ndugu zangu mliotangulia katika kutarizi kwa mashine, mnazuiaje kitambaa kisikunjamane pembeni mwa herufi?